Ufunguo wa Geti la Saba

"Afande, wewe huupendi mpira, au ni uwanja ndio usioupenda?"

Jirani wa Inspekta alimuuliza hivyo siku moja wakianika nguo uani. Kelele za mashabiki zilikuwa zimefika mpaka pale, na Inspekta akawa ameingia ndani kufunga dirisha. Kaka yake alifia kwenye uwanja huo, Geti la Saba, siku ya fainali, pamoja na watu wengine thelathini. Ilikuwa miaka thelathini iliyopita, naye tangu hapo hakuwahi kukanyaga mle.

Jumanne asubuhi alikanyaga, kwa kuwa kazi haichagui. Ufunguo ulikuwa umeibwa.

Chumba cha kumbukumbu kilikuwa chini ya jukwaa kuu. Ukutani zilipangwa picha: machimbo ya mawe kabla uwanja haujajengwa, mabenchi ya mbao ya mwanzo, manahodha waliobebwa mabegani na kombe lao. Mwisho kabisa palikuwa na kabati la kioo. Ndani, kitambaa chekundu kilikuwa na alama ya ufunguo tu. Kibao kilisema: "Ufunguo ambao bawabu wa Geti la Saba alitoroka nao."

Kioo hakikuvunjwa. Skrubu nne zilifunguliwa, zikarudishwa mahali pake. Mtaalamu wa alama za vidole alipaka unga wake, akatikisa kichwa.

"Pasafi, afande. Hata vidole vya wageni wa jana havipo."

"Mwizi gani huyo anayepangusa kabati zima?"

Mwongozaji wa wageni, wenzake walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alimzungusha Inspekta kama anavyozungusha wageni kila siku, mpaka getini.

"Hapa ndipo watu hunyamaza," alisema. "Nawaambia, bawabu alipoona umati unabanana, alitia ufunguo mfukoni akatoka mbio, geti likabaki limefungwa. Wengine hucheka, wengine hutema mate. Ijumaa geti linang'olewa, afande, linakwenda kuyeyushwa na kufuli lake. Sijui nitawaonyesha nini."

"Ukisimulia, nani huwa karibu?"

"Mama wa usafi tu. Na hadithi yangu haimpendezi. Nikifika hapa, ndoo yake inaisha maji, anaondoka kuchota. Miaka sita hiyo. Nikamwambia, dada, ndoo yako imetoboka?"

Inspekta akainama. Kufuli lilikuwa lilelile la siku ile, jeusi kwa kutu. Lakini tundu lake lilikuwa limelowa mafuta mabichi, na pembeni palikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa.

"Nani hulitia mafuta?"

"Hakuna. Hilo haliguswi."

Mama wa usafi alikutwa kwenye chumba cha mifagio, amekaa juu ya kreti. Alikuwa mwembamba, wa makamo.

"Leo ulifika saa ngapi?"

"Kumi na mbili kasoro. Kama siku zote."

"Na bisibisi?"

Mama alivuta aproni yake juu ya magoti.

"Dada, una haki ya kunyamaza. Ila mikono yako inanuka mafuta ya cherehani."

Alitia mkono kwenye aproni, akatoa leso, akaifungua taratibu. Ufunguo ulikuwa bado na karatasi ya polisi iliyofungwa kwa kamba: Kielelezo Namba Moja.

"Ulitaka kuuza?"

"Nani anunue chuma hicho?"

"Kabati ulilipangusa kuficha alama?"

"Nilipangusa kwa mazoea. Mkono unakwenda wenyewe."

"Sasa kwa nini uliuchukua?"

"Bawabu yule ni baba yangu."

Inspekta aliacha kuandika. Mtu huyo, Inspekta alikuwa akimlaani tangu utotoni, tena akiwa amepiga magoti, Mungu amsamehe.

"Baba alisema ofisini walimpa ufunguo usio wenyewe," mama aliendelea. "Hauingii. Akakimbilia ofisini kutafuta wenyewe, akakuta meneja keshaondoka na wageni wa heshima, mlango umefungwa. Hapo ndipo walipomkamatia. Mahakamani aliomba wakaujaribu getini. Akafungwa miaka minane."

"Hawakuujaribu?"

"Karatasi hiyo mliifunga nyinyi polisi. Niambie wewe."

Inspekta aliigeuza karatasi ile, akairudisha.

"Alipotoka aliniambia maneno yaleyale, mpaka anakata roho," mama alisema. "Nami nilikuwa naitikia tu, ndiyo baba, ndiyo baba. Sikumwamini. Niliposikia geti linang'olewa Ijumaa, nikaona nisipojua sasa sitajua kamwe."

Walikwenda getini wote wawili, Redio nyuma yao. Inspekta aliusukuma ufunguo mwenyewe. Ukagota mdomoni mwa tundu. Akaugeuza. Ukagota tena.

"Labda ni kutu," Redio alisema, kwa sauti ndogo.

"Si kutu. Tazama upana wake. Haukuwahi kuingia humu, hata lilipokuwa jipya."

Redio aliinama, akalipima tundu kwa kidole.

Kwenye chumba cha mifagio, Inspekta aliandika maelezo, mama akatia saini.

"Geti halitang'olewa. Nitalizuia kama ushahidi," alisema. "Faili la baba yako nitaomba lifunguliwe upya. Kwa hili la leo, nenda nyumbani kwa dhamana ya polisi."

"Faili litamfikia wapi? Angelitaka siku zile, tulipokuwa tunalala chini ya meza. Vijana walikuwa wanapiga bati letu mawe kila jioni. Mama alituziba masikio kwa viganja vyake."

Inspekta alifunika kalamu, akaifunua tena.

"Nyumba yenye mlango wa kijani? Nyuma ya bomba la maji?"

"Umeijuaje?"

Angeweza kusema aliisoma kwenye faili.

"Kaka yangu alifia hapo getini," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mawe yale, dada, mengine niliyatupa mimi."

Mama wa usafi alimtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akavua aproni, akaitundika kwenye msumari, akatoka.