Kikohozi Ndani ya Faili

Haya yalimkuta rafiki yangu, mwandishi wa programu, mtu anayeitukana kompyuta kana kwamba inamsikia.

Faili la kusakinishia programu ya ofisini kwao lilikuwa na kikohozi ndani yake. Fundi mzee aliyelitengeneza, sasa marehemu, alijirekodi akikohoa, kwa utani wake, ili wateja wamsikie usakinishaji ukiisha. Wateja walichoka.

"Kitoe tu, ndugu yangu, ni kazi ya dakika mbili," bosi alisema.

Dakika mbili! Rafiki yangu akalifungua faili kwa maktaba ya JavaScript, yaani mkusanyiko wa misimbo iliyokwisha kuandikwa, inayosoma na kuhariri mafaili ya aina hiyo. Akaifuta ile sauti, akahifadhi, akafungua tena kuhakikisha. Sauti ipo. Akafuta tena. Ipo, na sasa imekuwa ndefu zaidi.

"Mzee, hata baada ya kufa hujaacha kunisumbua!" akafoka, akapiga meza kofi.

Hapo hapo umeme ukakatika. Chumba hakina dirisha. Giza likabakiza mwanga wa laptopu tu. Feni ya darini ikazunguka kivivu, ikanyamaza.

Kwa hasira akaamua kuisikiliza hiyo sauti. Kwanza alisikia vidole vikigonga kibodi. Kisha yeye mwenyewe: "Mzee, hata baada ya kufa hujaacha kunisumbua!" Kofi la meza. Feni ikipungua, ikanyamaza. Kimya.

Halafu, humo humo kwenye rekodi, karibu kabisa, mtu akakohoa, na kiti cha rafiki yangu kikalia kama kinachogeuzwa ghafla.

Yeye alikuwa bado hajageuka.