Vichwa vya Keki na Soda Isiyo na Sukari

Wateja walimwita Baba Keki, na jina lilimkaa vizuri. Alikuwa mpana wa kifua, mpana wa tumbo, na mcheshi. Kila siku aliamka alfajiri, akawasha oveni, akapasua mayai. Keki ikiiva huvimba juu, na keki iliyovimba haipakiki krimu ikakaa sawa. Kwa hiyo Baba Keki alichukua kisu kirefu, akakata sehemu ya juu mpaka keki ikawa bapa. Vipande alivyovikata aliviita vichwa.

Magoti yake yalianza kuuma kwa kusimama kutwa. Daktari akamwambia apunguze uzito. Baba Keki hakubisha. Aliacha soda za sukari, akahamia soda nyeusi isiyo na sukari. Jikoni kwake kulikuwa na joto, na joto huleta kiu. Basi chupa haikuondoka mezani. Akimaliza moja anafungua nyingine, hata jioni anapojiandaa kulala.

Lakini mizani ilikataa kushuka. Halafu likaja jambo lililomtisha zaidi. Akijilaza, usingizi hauji, na moyo unamwenda mbio. Hakumwambia mtu. Alihofia ataambiwa moyo ni mgonjwa, aache kusimama mbele ya oveni. Kazi hiyo aliipenda tangu ujana wake. Kwa kweli aliogopa sana.

Mkewe aliona macho yake mekundu, akailaumu soda.

"Hizi chupa nitazimwaga zote," alisema. "Jirani anasema ni sumu. Eti ndizo zinazokunenepesha."

"Nikiziacha nitarudi kwenye zile za sukari. Unataka nipasuke?"

"Nataka ulale, mume wangu."

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Baba Keki akavuta kiti, akamweleza mkewe yote kuhusu moyo wake. Mkewe hakufoka. Alifunika keki zilizokuwa mezani, akampigia simu dada yake, ambaye ni muuguzi wa zahanati.

Shemeji hakutaka mjadala wa simu. Alimwambia Baba Keki aende zahanati siku hiyohiyo.

"Moyo ukienda mbio haubahatishwi," alisema. "Unapimwa."

Daktari alimpima presha, akamsikiliza kifua, akampima moyo kwa mashine. Mkewe alikaa pembeni ameshika kofia ya mumewe kwa mikono miwili.

"Moyo wako ni mzima," daktari alisema. "Ila hupati usingizi, na soda hiyo nyeusi ina kafeini, kama kahawa. Wewe unakunywa kutwa nzima, mpaka jioni. Mwili utalala vipi? Punguza, kisha urudi tukuone."

Baba Keki alishusha pumzi ndefu. Alitaka kucheka, akajikuta anafuta machozi. Mkewe alimvisha kofia, akamwambia waende nyumbani.

Lakini habari ya uzito ilikuwa bado. Kesho yake shemeji akaja kukaa jikoni.

"Wewe fanya kazi zako kama kawaida," alisema. "Mimi natazama tu."

Baba Keki akatoa keki iliyopoa, akakata kichwa chake. Mkono mmoja ukaweka kisu chini. Mkono wa pili ukatia kichwa mdomoni. Akashushia na soda, akavuta keki nyingine.

"Shemeji, umekula nini hapo?"

"Wapi? Sijala kitu. Hicho ni kichwa tu."

"Kichwa cha nini?"

"Cha keki. Lakini si keki, shemeji. Ni cha kutupwa."

"Mbona hakikutupwa?"

Baba Keki akajikuna shingo. "Soda yangu haina sukari. Nikaona ile sukari niliyoiacha kwenye soda, nijifidie kidogo hapa."

Shemeji alicheka mpaka akashika meza. Mkewe alitaka kukasirika, naye akacheka.

"Haba na haba hujaza kibaba," shemeji alisema alipopata pumzi. "Na kibaba chenyewe kiko hapo kwenye mkanda wako. Soda hii haina sukari, kwa hiyo si yenyewe inayokunenepesha. Kuacha ile ya sukari ulifanya vizuri. Kosa ni kuifanya ruhusa ya kula keki."

"Kwa hiyo si sumu?" mkewe aliuliza.

"Chupa moja moja haimdhuru mtu mzima kama huyu. Lakini isichukue nafasi ya maji. Wataalamu bado wanachunguza inafanya nini mtu akiinywa sana kwa miaka mingi. Maji hayana maswali hayo."

"Basi leo ninaacha zote," alisema Baba Keki.

"Usiache kwa mkupuo, kichwa kitakuuma. Anza na ile ya jioni, kisha ya mchana. Kila unapotoa chupa, weka maji. Na ulale. Mtu asiyelala huwa na njaa kuliko aliyelala."

Ndivyo walivyofanya. Mkewe aliweka jagi la maji baridi pale chupa zilipokuwa zikikaa. Vichwa vya keki vilitiwa kwenye mfuko na kuuzwa kwa bei ndogo, na vilipata wanunuzi. Mwanzoni mkono wa Baba Keki ulikuwa ukienda mdomoni wenyewe, mtupu, na mkewe akimtania. Soda alibakiza moja, ya asubuhi. Taratibu mizani ikaanza kushuka, na magoti yakatulia.

Mchana mmoja mteja alikuja kuchukua keki ya harusi. Mkewe akampokea mlangoni, akamwomba azungumze taratibu. Kutoka chumba cha ndani ulisikika mkoromo mzito.

"Ndiye mumeo huyo?" mteja alinong'ona. "Pole, dada. Unavumiliaje kelele hizo?"

"Usinipe pole," mkewe alijibu, akiurudisha mlango polepole. "Mwaka huu sijasikia kitu kitamu kama hicho."