Aliyeitika Kitandani

Huyu Mwatumu ninayewasimulia ni jirani yangu hapa Malvern, msusi, mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura. Asiyetaka kuamini, shauri yake. Mumewe, Seif, alikwenda Cape Town kutafuta kazi, akanyamaza jumla. Mwatumu akabaki na bintiye Mwamini, aliyezaliwa hapahapa Johannesburg na wakati huo ndiyo kwanza anaanza shule. Mtoto alikuwa anakisikia Kiswahili vizuri tu, ila kukisema hataki. Ukimwita, anasema "yebo". Mwatumu alikuwa anaumia. Kutwa anasuka vichwa vya watu wanaoongea yao, jioni anarudi kwa mtoto anayemjibu Kizulu, na maneno yake mwenyewe yanamlalia kifuani.

Mwaka 2013, mteja wake mmoja, mhudumu wa hoteli iliyo ndani ya bustani ya michezo kusini mwa jiji, akamtafutia chumba wapumzike kidogo. Asubuhi ilikuwa ya raha. Mwamini alipanda yale mabembea ya mashine mpaka kizunguzungu kikamshika, akala aiskrimu, akacheka. Alasiri mbingu zikageuka kijani, upepo ukang'oa miavuli ya mgahawa, watu wakatawanyika. Wao wakakimbilia chumbani. Mvua ya mawe ikashuka, umeme ukakatika, ukawa huoni hata kiganja chako.

Mwatumu alitandika kanga pembeni, akaswali. Mawe yalipiga paa kiasi kwamba hakusikia kitu kingine chochote. Alipomaliza, kishindo kimepungua kidogo, akaita.

"Mwamini."

"Abee, mama."

Sauti ilitoka kitandani, chini ya blanketi. Kwao Buyenzi ndivyo mtoto anavyomwitikia mama yake, na Mwatumu hakuwahi kuisikia kinywani mwa bintiye hata siku moja. Moyo ulimjaa furaha, jamani, machozi yakamtoka. Hakuuliza. Hakuwasha tochi ya simu. Alikwenda kukaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kuongea.

Aliongea kama mtu aliyefunguliwa. Habari za nyumba ya bibi, za harusi za mtaani kwao, za mikate ya sinia wakati wa mfungo. Sauti ikawa inauliza, tena inauliza panapostahili, na Mwatumu akacheka kicheko ambacho hakukicheka tangu Seif aondoke.

Mara mlango ukagongwa.

Kwa nje mtoto alikuwa analia. Analia kwa Kizulu, akiomba afunguliwe, kwamba alitoka kuokota barafu, mlango ukajifunga, sasa mawe yanampiga.

Mwatumu akageukia mlango.

"Usifungue," sauti ikanong'ona. "Si niko hapa?"

Kilio kikazidi. Mwatumu akasimama. Kitu kikamshika upindo wa gauni. Vidole vidogo. Baridi.

"Ukifungua, utaongea na nani?"

Mwatumu mwenyewe aliniambia, bila kuficha, kwamba alisimama pale kwa muda. Mama mzima. Mtoto wake anapigwa na mawe nje, na yeye anafikiri. Kisha akalichana gauni kwa nguvu, akaufikia mlango, akafungua.

Mwamini alikuwa amelowa, paji la uso linavuja damu. Mwatumu akambeba, akakimbia naye mpaka ukumbi wa mapokezi miguu mitupu, hakurudi kuchukua hata viatu. Kitandani hakutazama.

Nyumbani wakaendelea na maisha. Mwamini na Kizulu chake, Mwatumu na ukimya wake. Nikimuuliza hali, anasema salama tu, halafu anatazama mbingu.

Mwaka uliofuata, alasiri moja, mvua ya mawe ikashuka tena hapa Malvern. Mwamini alitoka shule mbio, akaingia ndani kimya. Mama yake alikuwa chumbani gizani, mapazia yamefungwa, amekaa ukingoni mwa kitanda. Anaongea polepole. Anacheka. Ananyamaza kidogo, kama anayesikiliza, kisha anacheka tena.

Mtoto akasimama mlangoni. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akasema kwa Kiswahili.

"Mama, mwambie aondoke. Mimi nitakuwa naongea na wewe."

Mwatumu alipiga ukelele nikausikia kwangu. Nilipofika alikuwa amemkumbatia mtoto sakafuni, wote wanalia. Kitandani hapakuwa na mtu. Blanketi lilikuwa limeinuka katikati, na lilikuwa likishuka taratibu.

Nililigusa. Lilikuwa na baridi, limelowa.