Swali la Nne kwenye Fomu ya Bima

Kila asubuhi kabla ya shule, Prudence humsaidia mama yake kutandaza dagaa juu ya chanja, zile meza za nguzo na nyavu zilizo nyuma ya nyumba yao huko Mugango. Mama yake, Dafroza, anajulikana hadi Bunda kwa sababu moja: dagaa wake hawagusi mchanga. Mifuko yake yote imeandikwa hivyo, kwa mwandiko wa Prudence, mwanafunzi wa darasa la sita.

Jumamosi moja, Thadeo, wakala wa bima, alifika kutoka Musoma na karatasi mbili. Mama ndiye aliyemwita. Seremala jirani yao alishitakiwa na mteja, akakosa fedha za wakili, akafunga karakana. Tangu siku hiyo mama hakutulia.

"Bima hii ya bei nafuu inalipia wakili kesi ikishafika mahakamani," Thadeo alieleza. "Hii nyingine bei yake inazidi kidogo, lakini mteja akilalamika tu, unapiga simu. Mwanasheria anakushauri, anawapatanisha mapema."

"Mimi mahakama siitaki," mama alisema. "Nipe hiyo ya mapema. Prudence, jaza. Wewe ndiye profesa wa nyumba hii."

Prudence aliandika jina la biashara, mahali ilipo, kisha inachouza. Swali la nne likamkodolea macho: Je, kuna malalamiko au mgogoro wowote unaoujua hadi leo?

"Andika hakuna," mama alisema.

Kalamu haikusogea. Wiki iliyopita, mama alipokuwa msibani Bukima, chanja zilijaa. Prudence alitaka kuwahi mchezo wa rede, akamwaga ndoo mbili za dagaa mchangani wakaukie huko. Jioni akawachanganya na wenzao katika mfuko wa Bwana Shija, mfanyabiashara wa Bunda. Juzi ujumbe wa Shija uliingia kwenye simu ya mama: "Wateja wangu wanatafuna mchanga. Usiponijibu, nitakushitaki." Prudence aliusoma peke yake, akaufuta. Tangu hapo, kila simu ilipolia, aliwahi kuitazama yeye.

"Profesa kafeli!" Samwel, mdogo wake, alicheka.

"Hebu nyamaza, wewe!"

Akaandika herufi H. Labda bima ingemlipia mama wakili, na yeye asijulikane kamwe. Akainuka, akaketi, akainuka tena.

"Mama, nisamehe," alisema kwa sauti ndogo. "Malalamiko yapo." Akaeleza yote.

Mama akalipuka. "Mchangani? Dagaa zangu? Na mimi ninavyowaambiaga watu hawagusi mchanga, kumbe nawadanganya!"

"Mama, afadhali amesema," Thadeo aliingilia. "Bima hailipii mgogoro ulioanza kabla hujasaini. Na kampuni ikigundua umeficha, inaweza kukataa hata madai ya baadaye. Ungebaki na karatasi tu."

"Kwa hiyo la Shija nalibeba mwenyewe?"

"Ndiyo, lakini bado halijakua. Mpigie sasa hivi."

Mama alibonyeza namba, akamkabidhi Prudence simu. "Azungumze aliyemwaga."

"Shikamoo, Bwana Shija," Prudence alianza. Alikiri kila kitu, hata kufuta ujumbe.

"Marahaba. Kumbe ni wewe!" Shija alifoka. "Nilidhani mama yako ananidharau. Jumatatu nilikuwa naenda kwa mwanasheria." Kisha akashusha sauti. "Nileteeni mfuko mwingine msafi, yaishe."

Prudence akaikata ile H. Akaandika: Malalamiko yapo, ya mchanga katika mfuko mmoja; tumekubaliana kuubadilisha. Thadeo alisoma, akatikisa kichwa kukubali. Mama akasaini.

"Sikiliza, mwanangu," mama alisema, hasira ikiwa imepungua. "Bima hii nimeichagua itusaidie tukionewa. Haiwezi kututetea na uongo wetu wenyewe. Ukikosea, niambie siku hiyohiyo. Nitafoka, ndiyo, lakini nikimaliza kufoka tutatengeneza pamoja. Ukificha, kosa la ndoo mbili linageuka kesi."

"Nimeelewa, mama."

"Haya, kapakie mfuko wa Shija. Nitakagua dagaa mmoja mmoja."