Kikopo cha Nyumba Nzima

Kila asubuhi Shija aliamka, akakohoa, kisha akalisingizia zizi la ng'ombe. Alisema ni vumbi. Mvua ziliponyesha na vumbi likaisha, alisingizia ukungu. Wiki ya nne mkewe, Penina, alichoka na visingizio. Akamwita Zaina.

Zaina alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji chao huko Malolo. Alikuwa binti wa wakulima wa korosho, na hakuwa mtu wa kuzungushwa kwa maneno. Alimuuliza Shija kama anatoka jasho usiku, na kama amepungua mwili. Shija alikana yote, huku suruali yake imefungwa kwa kamba isianguke. Zaina akampa kikopo chenye mfuniko. Alfajiri akohoe kutoka kifuani, atie makohozi humo. Yangepelekwa Ruangwa mjini kupimwa kifua kikuu.

Shija aliingiwa na hofu. Kila jioni Nelly, binti yake wa miaka miwili, alisinzia kifuani pake. Kama kifua kile kina ugonjwa, basi yeye ndiye anayempa mtoto. Hilo hakutaka kulisikia.

Ndipo akili ya ufugaji ikamjia. Mnunuzi wa maziwa hapimi ng'ombe mmoja mmoja. Maziwa yote humiminwa kwenye dumu moja, kipimo hutumbukizwa mara moja, na jibu huwa la kundi zima. Kwa nini nyumba ipimwe tofauti? Ugonjwa ukionekana utakuwa wa wote, na hakuna atakayenyooshewa kidole.

Kulipokucha aliwatangazia kwamba Zaina ameagiza kila mtu ateme kwenye kikopo. Mama yake, Bibi Leah, alitema kwa heshima zote. Penina akatema. Nelly akafutwa udenda, nao ukaingia. Shija akamalizia kwa kikohozi kilichowatawanya kuku.

Baada ya siku mbili Zaina alirudi na jibu. Kifua kikuu kimeonekana.

"Hilo jibu si langu peke yangu," Shija alisema. "Kikopo kile kilikuwa cha nyumba nzima."

Zaina alikaa chini bila kukaribishwa. Bibi Leah akasogeza kigoda chake mbali na Penina. Penina akasogeza chake mbali na Bibi Leah. Katikati yao Nelly akakohoa kidogo. Hapo ujanja wote ukamwisha Shija.

"Ni nani, Zaina?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Ni mtoto?"

"Sijui, Baba Nelly. Hata mashine haijui, kwa sababu umewachanganya."

Kisha akawaeleza taratibu. Mdudu wa kifua kikuu ana vinasaba, yaani maelezo madogo sana yaliyo ndani yake, yanayomtofautisha na wadudu wengine. Ni kama alama ya chuma cha moto kwenye ngozi ya ng'ombe. Zamani wataalamu walitegemea darubini, na wadudu wakiwa wachache waliweza kupita bila kuonekana. Siku hizi mashine inatafuta kipande cha vinasaba hivyo na kukinakili mara nyingi mno, mpaka kinajulikana kipo. Kazi hiyo haichukui hata saa mbili. Tena inaonyesha kama mdudu huyo ameizoea dawa moja kubwa ya kifua kikuu, hata haimuui tena.

"Lakini kila mtu na kikopo chake," alisema. "Makohozi, si mate."

Penina aliuliza mtoto asiyejua kutoa makohozi atapimwaje. Zaina akajibu kwamba watoto huyameza, kwa hiyo mashine inaweza kupima hata kinyesi chao.

Basi Shija mwenyewe alipanda bodaboda kwenda mjini, amekikumbatia kikopo cha Nelly kwa mikono miwili, vya wengine vikiwa mkobani. Dereva aliuliza kama ni asali. Shija akasema ni mali ya mtoto.

Majibu yalipotoka, mgonjwa alikuwa mmoja tu, Shija. Dawa za kawaida zingemfaa. Alimuuliza Zaina mara mbili kuhusu Nelly, na mara mbili akaambiwa hana ugonjwa. Akalia mbele ya mama yake, wala hakuona aibu.

Nelly alipewa dawa ya kumkinga. Shija alimeza zake kila siku kwa miezi sita, bila malipo. Alijifunza kuziba mdomo anapokohoa, na madirisha yakaachwa wazi. Mwezi wa pili alijisikia mzima akataka kuacha. Zaina akamwambia kuwa wadudu waliobaki ndio wanaojifunza kuizoea dawa. Akaendelea.

Siku aliyoambiwa amepona, alirudi nyumbani na suruali inayokaa kiunoni yenyewe. Alimuuliza mkewe kwa nini hakumkasirikia hata siku moja, baada ya udanganyifu ule wa kikopo.

"Nilikasirika sana," alisema Penina. "Sikutaka kumgombeza mgonjwa. Sasa umepona, Baba Nelly. Kaa hapo."

Shija akakaa, akasikiliza mpaka ng'ombe waliporudi.