Volti Kumi na Saba

Walijuana Biashara Street, Jumamosi mchana, watu wakisukumana kwenye maduka ya leso. Tsofa, fundi wa umeme wa magari kutoka Majengo, aligonga kioo cha gari jeupe akamwambia mwenyewe kwamba taa zake za breki zimekufa. Mwenyewe alikuwa Mejumaa: dera la zambarau, wanja umekolea, ulimi haulali. Alimuuliza kama hiyo ndiyo njia yake ya kutongoza. Tsofa akajibu hapana, lakini ikifaa ataitumia.

Ilifaa. Mejumaa hupakia maharusi kwa gari lake, na baada ya miezi minane ya mapenzi Tsofa alimtandazia taa za LED darini mwa gari, vijitaa vya rangi ya dhahabu, mji ukavisema. Wiki hiyo hiyo akaleta posa. Mejumaa aliomba muda afikiri. Siku ya tatu, bibi harusi akiwa ndani, taa zikapepesa, zikanuka, zikazima zote.

Mejumaa hakuwa na shaka: mwanamume amengojeshwa, sasa analipiza. Naye akaamua kumlipa zaidi. Alizing'oa taa kwa mikono yake, akazipeleka gereji, akazimwaga miguuni pa Tsofa mbele ya wateja wake.

"Kama kungoja kumekushinda, ungesema," alimwambia, kisha akawageukia wateja. "Huyu huyaharibu magari ya watu makusudi. Mjihadhari naye."

Jioni Tsofa alipiga simu mara nne, hakujibiwa. Mejumaa alizunguka mji akisimulia, na kila mteja aliyemkimbia Tsofa alimpoza Mejumaa moyo.

Kisha alifungiwa taa mpya na Nasipwondi, fundi mwanamke wa Ganjoni. Siku ya pili nazo zikaungua. Nasipwondi aliwasha injini, akapima betri kwa mita, akamweleza taratibu. Taa hizi zataka volti kumi na mbili, volti zikizidi sana kumi na nne, taa huungua. Gari hili latoa kumi na saba, kwa kuwa alternata, kile kifaa cha kuchajia betri, inachaji bila kipimo. Angezifunga yeyote, zingeungua.

Mejumaa, haya imemjaa, akampigia Tsofa simu.

"Lete gari kesho saa nne," alisema Tsofa. "Watu wakiwa wamejaa." Akakata.

Alipofika, gereji imejaa wateja, Tsofa hakumsalimu. Aliwasha injini, akamtia mita mkononi.

"Soma."

"Kumi na saba."

"Sasa wageukie hao, uwaambie maana yake."

Akawaambia, sauti ikimkatika: ubovu ni wa gari, na uongo ulikuwa wake. Tsofa alisikiliza kila neno kama mtu anywaye maji baada ya kiu. Kisha akachukua spana, akainama kwenye injini.

"Bado neno moja," Mejumaa alimwambia. "Nioe, Tsofa."

"Sema kwa sauti," alijibu bila kuinua kichwa. "Yule wa nyuma hakusikia."

Mejumaa akavuta pumzi, akalisema tena, likasikika hadi barabarani. Spana ikamponyoka Tsofa mkononi.