Vifungo vya Mgongoni

Fundi cherehani hakupenda kuona shati limechomoka. Ndiyo maana sare ya bintiye aliishona kipande kimoja, shati na suruali pamoja, na vifungo akaviweka mgongoni. Mtaa mzima ulisifu.

"Mama, tumbo tena," alisema binti huyo asubuhi moja, ameshika kitovu. Nyumbani walimwita Kasuku, kwa maneno mengi. Siku hizi maneno yalikuwa yamepungua.

Fundi alishampa dawa ya minyoo mara tatu. Wifi yake naye alishamtia hofu: huenda ni uvimbe, mtoto atapasuliwa. Tangu hapo fundi hakutulia. Akishona, anaacha. Akikaa, anasimama. Siku hiyo alimshika mtoto mkono wakaenda zahanati.

Muuguzi hakukimbilia dawa. "Ana homa? Anatapika? Amekonda? Choo kina damu? Maumivu humwamsha usingizini?"

"Hapana, dada. Lakini yanarudi kila wiki. Si umpige picha tu tujue moja?"

"Taratibu, mama. Choo kikubwa anapata mara ngapi?"

Fundi akababaika. Kipimo cha kiuno cha mwanawe alikijua kwa kichwa. La choo hakulijua.

"Sipati siku nyingi," Kasuku akajibu mwenyewe. "Kikija niko shuleni, nakibana."

"Unakibana kwa nini, mwanangu?"

"Vifungo sivifikii. Kumwomba mwalimu naona aibu."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Muuguzi akamlaza mtoto, akambonyeza tumbo polepole.

"Gusa hapa, chini kushoto. Ni choo kigumu kimejazana. Kinautanua utumbo, ndiyo maana anaumwa."

"Kwa hiyo si uvimbe?"

"Sioni dalili yake. Dawa ya minyoo ina ratiba, usimpe kila akilia. Hii ni ya kulainisha choo. Mpe kila siku kama nilivyoandika, na usiikatishe akipata nafuu mpaka nimwone tena. Maji, matunda, mboga, maharage. Akishakula, akae chooni dakika tano, bila kugombezwa. Ukiona homa, damu, matapishi ya kijani, au maumivu makali chini kulia, mlete hapohapo. Na wewe usimuulize tumbo kila saa. Ukihangaika, naye anahangaika."

Jioni ileile fundi aliifumua sare yote. Suruali akaitenga na shati, akaitia mpira kiunoni.

Kazi ngumu ilikuwa kunyamaza. Kila Kasuku aliporudi shule, swali lilimfika fundi kwenye ulimi, akalimeza. Wiki ya sita mtoto aliingia mbio, akala, akaongeza, akasimulia mchezo wote wa mapumziko. Kisha akamkazia mama macho.

"Mama, mbona huniulizi tumbo?"

"Kwani linauma?"

Kasuku akafikiri kidogo. "Nilikuwa nimelisahau."

Fundi aligeukia cherehani yake, mtoto asimwone anavyolia.